Mnong'onezi

Tuko saba na mkeka mmoja,
na bohari la chokaa pale Langoni
ambalo mwenyewe alitupa ufunguo wake
paa lilipoanza kuvuja.
Ukicheka sana humo, unakohoa.
Ukilia, machozi yashuka meupe.

Sheria zetu hazina karatasi.
Moja tu Shekuwe aliikwaruza ukutani kwa msumari:
JINA KUBWA LIACHE NA VIATU.
Basi anayecheza kadhi leo
ndiye aliyebeba viti kutoka kwa Bi Mwanamize,
na jana alikuwa mlango.
Mlango, ndiyo. Akafunguliwa, akafungwa,
na Shekuwe akamkemea: "Mbona walegalega?
Mlango hauombi kutazamwa.
Nyota ziko yuu; huku tini ni kufagia."

Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga.
Hawakusema hutunzwa kwa nini.
Sisi tumetunzwa sarafu, nusu mkate wa mofa,
kandili isiyo na tambi,
na siku moja kuku, asiyegawika kwa saba,
akaishia kuwa mwigizaji.
Pesa huhesabiwa mkekani, macho ya wote yakiwepo,
kalamu kashika Lali, mtoto wa miaka kumi na minne,
maana ndiye pekee asiye na deni dukani.

Mimi sionekani.
Nakaa nyuma ya leso mbili zilizoungwa kwa sindano,
maandishi yake nayasoma kutoka mgongoni,
daftari gotini, tochi kwapani.
Kazi yangu ni kumlisha aliyesahau
kijiko kimoja cha neno, si bakuli,
kwa sauti ambayo hata mbu aliye sikioni
asidhani aambiwa yeye.

Usiku ule tulikuwa na watazamaji tisa.
Wa kumi aliingia mchezo ukiwa katikati,
akaketi karibu na viatu.
Famau akamwona.
Neno lake lilikuwa: "Sikuja kukuomba radhi, baba."
Nililijua. Lilikuwa ulimini, limelowa tayari.
Famau akafumba mdomo.
Nje punda akalia, akamaliza, akaanza tena.
Nami nikalimeza lile neno.

Sijui kimya kile kilikuwa na urefu gani.
Tochi ilinichoma ubavu.
Kisha Famau akasema, si kwa sauti ya jukwaani:
"Mzee, umekula?"
Na Bwanaheri, aliyekuwa baba wa mchezoni,
aliyenoa ugomvi wake wiki tatu,
akatazama mikono yake, akajibu:
"Bado."

Kurasa mbili hazikusemwa na mtu.

Mkekani walinila mzima.
"Ulilala!" Lali akasema.
"Uliniacha uchi mbele za watu," Bwanaheri akasema,
na alikuwa na haki.
Nikawaambia: hakusahau.
Aliyesahau nitamlisha. Huyu alikuwa akitafuna.
Shekuwe hakunisifu, hakunigombeza.
Alisema kesho maneno yarudi kama yalivyo,
na Famau afagie.

Yalirudi. Famau alifagia.
Lakini daftarini, kando ya mstari ule,
nimekuta duara dogo la penseli,
tupu, lisilo mwandiko wa yeyote ninayemjua.
Kila tukifika hapo navuta pumzi,
nafungua mdomo nusu,
na Bwanaheri, kabla ya ugomvi wake,
hutazama mikono.