Kituo cha Kumi na Mbili

Kamba yetu ni mita moja kila upande.
Tunailaza chini, tunapiga magoti, tunahesabu.
Mwalimu Zihindula anaita, mimi naandika:
mubirizi, minne. Kangaga, kumi na moja.
Upupu, huo haungoji kuitwa,
umeshajiandika kwenye kifundo cha mkono wangu.

Chini ya genge Ruzizi inasaga mawe,
inatoka ziwani mbio kama mwenye kudaiwa.
Ng'ambo ni Rwanda. Mbegu za huko
huvuka na upepo, hazigongwi muhuri.

Kituo cha tisa: muhoko umepanda mti
ukaufunika mpaka jina lake limetupotea.
"Andika yote miwili," anasema.
"Uliofunikwa nao upo."

Na hapa, pale kilima kilipoteleza
mwaka ule wa mvua,
nakuta shina la boga.
Majani mapana yenye vinyweleo, ua moja la njano,
linatambaa juu ya sakafu iliyopasuka,
linatokea mlangoni
pasipo mlango.

Fomu ina safu mbili tu:
ya mwituni, ya kupandwa.
Aliyelipanda hatujui aliko.
Tangu hapo limejipanda lenyewe,
msimu kwa msimu, bila jembe la mtu.

"Mwalimu, niandike wapi?"

Anavua miwani, anaifuta kwa pindo la shati,
anaivaa, anaivua tena.
Kisha anachuma majani matatu machanga,
anayakunja kama barua, anatia mfukoni.

"Andika moja," anasema.
"Safu tutaiona jioni."