Vitobo

Kofia uliyoiacha, Famau, bado ninayo.
Nimeifunga kwenye leso ya mama, ndani ya kabati la vyombo.
Upande mmoja vitobo vimekazwa vyote kwa uzi mweupe,
upande wa pili ni penseli tu.

Ulikuwa na mkono wewe. Langoni nzima walisema,
hata wenye kijicho: mkono wa Famau hautetemeki.
Kitobo kidogo kuliko punje ya mtama,
na hukukosea hesabu hata punda wakigombana dirishani.

Kisha mboni zako.
Mama ndiye aliyeona, "Mato ya mwanangu yana nini?"
Ukumbini mlikuwa na giza, mboni za kila mtu zimepanuka,
zako zilikuwa vitobo vya kofia,
kama kuna mtu ameketi ndani anazikaza kwa uzi.

Siku moja ya ukweli uliniambia:
mara ya kwanza ulitapika, ukajikuna pua, ukajikuna shingo,
halafu likaja joto, si la jua,
joto la mtoto aliyebebwa mgongoni na nje mvua inanyesha.
"Si kwamba nilisikia raha, dada. Niliacha kusikia."
Nimelitafuna neno hilo miaka mitatu.

Muuguzi Dama alinichorea nyuma ya boksi la dawa.
Ubongoni mna vifuli, alisema,
na mwili hujichongea funguo zake, chache, ndogo,
ya kutuliza jeraha, ya kufurahia chai.
Unga ni ufunguo wa mwizi, hufungua vyote kwa mpigo.
Mwili ukasema, basi mimi nichonge za nini? Ukafunga karakana.
Vifuli navyo vikashupaa:
kete moja, kete mbili, kete nne,
na hapo hutafuti tena lile joto, unatafuta kusimama tu.

Nikamwambia, na zikikosekana ndiyo arosto.
Akanitazama. "Unaijua?"
Nimelala nayo nyumba moja.
Huanza na miayo. Machozi bila kilio, kamasi,
ngozi yote kama ya kuku aliyenyonyolewa,
tumbo linakimbia, miguu inalipiga godoro mateke
mpaka adhana ya alfajiri.

Asubuhi kufuli la shaba la mlango wa juu halikuwepo.
Likafuata sufuria la pilau.
Zikafuata pesa za hitima ya baba.
Uliapa ukinitazama usoni, na kilichonitisha
ni kwamba uliapa vizuri,
uongo umeshonwa kwa mkono ule ule.

Ami akaleta kombe. Ukanywa, ukatulia mchana mmoja.
Jioni nikakuta sindano chini ya ndoo ya chooni,
nikaketi palepale sakafuni na aibu isiyo yangu,
kwa kuwa sikuhitaji kuigeuza mara mbili
kujua si ya kofia.

Sasa uko Malindi.
Kila siku dirisha la hospitali, kikombe cha plastiki,
unameza methadoni mbele yao, kisha unataja jina lako
ili waone kinywa ni kitupu.
Unaniandikia neno moja: Nimekunywa.
Siku mia na sita.
Ya mia na saba hukuandika.
Nilikaa na simu mapajani, chai ikaota ngozi.
Ya mia na nane: Nimekunywa.
Sikuuliza.

Jana nikafungua leso.
Nikatunga uzi, nikajaribu kitobo kimoja
upande wako wa penseli.
Kimekwenda kombo kama jino la mtoto.
Sikukifumua.
Ukija utakiona. Utacheka, au utanikasirikia
kwa kuiharibu kazi yako.
Lolote nitalipokea, Famau.
Mtu huvifanya hivyo akiwa anasikia.