Sahani ya Tatu

Chiromo, saa nne usiku. Mghoi
ameinamia hadubini, chai imepoa.
Utando wa seli za ngozi ameukwangua katikati,
jeraha jembamba kama unywele.

Anafungulia umeme: kidogo mno,
wa mawimbi ya polepole,
usiotosha kumshtua hata sisimizi.
Zinasita. Kisha moja inatoa kiguu,
nyingine inafuata,
zote upande wa hasi,
kana kwamba zimeitwa kwa jina la nyumbani.

Halafu stima inapotea, Westlands nzima.

Gizani anapapasa kovu la kiganjani,
la jiko la mama, Kariobangi,
chumba kisichokuwa na waya hata mmoja.
Basi ngozi ile iliwashiwa stima na nani?

Jenereta inakohoa.
Anarudi kuhesabu zilizopotea njia.