Uzi Mwekundu

Kibali changu cha kuwinda kina orodha:
sungura, kwale, nguruwe mwitu.
Kuku hayumo.
Nilikisoma mara mbili, nimeegemea lango la shule iliyofungwa,
kama mtu atafutaye ruhusa
katika mfuko wa koti la mwenziwe.

Walikuwa kumi na mmoja pale mwanzo,
siku gari la wagonjwa lilipomteremsha Dorinda
hadi makao ya wazee, Lugo.
Mwanawe Uxío alikuja kwa ndege toka Basel, siku mbili tu.
Akafunga madirisha, akafunga maji, akafunga umeme,
akasahau kufunga banda.
Au hakusahau.
Nani angechinja kuku kumi na mmoja wa mama yake
kabla ya ndege ya saa nane?

Mwaka wa kwanza mbweha alikula wajinga.
Waliobaki wakajifunza kulala juu,
kwenye mialoni nyuma ya ghala la mawe,
wakaacha kuitikia mlio wa punje ndooni,
wakaruka, naapa, wakaruka
kutoka paa la Dorinda hadi ng'ambo ya barabara.
Mwaka wa pili nikahesabu ishirini na tisa,
wembamba, miguu mirefu, macho ya mdaiwa.

Na kabichi zangu zikawa chekeche.
Mpwa wangu Brandán akasema:
"Mjomba, hao si kuku tena. Ni ndege.
Kisicho na ua hakina mwenyewe."
Nikamuuliza: na sisi je, watu wanne tuliobaki
katika kijiji cha nyumba thelathini,
ua wetu uko wapi?
Akacheka. Akanipa risasi mbili.

Alfajiri ya Novemba. Ukungu umelala juu ya nyasi kama uji uliopoa.
Nilipiga makofi kwanza ili waamke,
maana kumpiga aliyelala ni kuchinja bila kisu,
na kumpiga arukaye, nilijidanganya, ni mchezo wa haki.
Haki gani?
Mwenzangu hakujua kama tunacheza.

Akaanguka mmoja, mweusi, mzito kuliko nilivyodhani.
Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.
Huyu alikuwa na uzi:
sufu nyekundu iliyofifia, mafundo mawili,
fundo lile lile Dorinda afungialo magunia ya viazi.
Mmoja wa wale kumi na mmoja.
Kavuka mbweha, kavuka theluji mbili,
akaja kufa kwa jirani.

Nilimzika chini ya mtini.
Sikumla. Niliona hiyo ndiyo heshima.

Jumapili nikapanda basi, kofia mkononi, uzi mfukoni.
Alikuwa dirishani, blanketi magotini.
Nikaeleza yote: kabichi, makofi, risasi, fundo.
Akauchukua uzi, akauzungusha kidoleni.
"Mweusi? Yule aliyetaga chini ya trekta?"
Sijui alitaga wapi, nikasema.
"Alikuwa na mafuta?"
"Nilimzika, Dorinda."

Hapo ndipo aliponikasirikia.
Si kwa risasi. Kwa shimo.
"Umeua, kisha ukaona kinyaa?
Mchuzi wake ungetosha siku tatu, Amaro.
Ungeniletea hata bakuli moja,
hapa wanatupa maji ya moto wakiyaita supu."

Kikapita kimya. Muuguzi akapita na dawa.
"Wamebaki wangapi?"
"Ishirini na wanane."
Akahesabu kwa vidole jambo asiloniambia,
akashika mkono wangu wa kulia, ule wa bunduki,
akafunga uzi kwenye kifundo.
Mafundo mawili.

Sijaukata.
Jioni husimama chini ya mialoni na ndoo ya mahindi,
naitikisa, naita kwa sauti ya Dorinda.
Hashuki hata mmoja.
Bunduki iko jikoni. Chungu kiko jikoni pia, kimeoshwa.
Brandán anauliza tutaanza lini.

Kabichi nimepanda upya,
safu mbili zaidi ya mahitaji yangu.