Kufumua

Jezi arobaini na mbili zimefika Jumanne
ndani ya maboksi ya ndizi,
zikinuka jasho la vijana wasioujua mji huu.
Jezi mpya zimekwama bandarini Vancouver,
na Jumamosi timu inatambulishwa,
kwa hiyo meneja amesema: fumua jina la zamani,
shona letu palepale. Nani atajua?

Marusia Hrytsak atajua.
Miaka thelathini na moja nyuma ya cherehani,
Barabara ya Ishirini, Saskatoon,
amewabania maharusi magauni, wajane akawalegezea,
ameziba magoti ya suruali za wakulima wa ngano,
lakini hajawahi kuutoa mji mzima
kwa ncha ya wembe.

H ndiyo ya kwanza. Nyekundu, nene, imebanwa.
Kisha A. Kisha L.
V inamganda mkononi
kama kundi la ndege linalohama.
HALVERN: herufi saba mara arobaini na mbili.
Anazitia katika kopo la biskuti
maana hajui herufi za watu hutupwa wapi.

Nje, nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri.
Ndani, nyuzi hazihesabiki:
sakafuni, kwenye soksi, ndani ya chai.

Redioni meya anasema *hatimaye*.
Anasema *hatimaye* mara tisa.
Kura zilikuwa saba kwa nne,
paa la maktaba litasubiri kiangazi kingine,
na sisi tutaitwa Korongo,
kwa jina la ndege ambaye hapa kwetu
hutua, hula, huondoka.

Hasemi kwamba hataki.
Anataka.
Bohdan wake alisikiliza hoki meza ya jikoni
majira arobaini ya baridi,
akishabikia miji ya wenyewe
kama mtu anayeshiba harufu ya jiko la jirani.
Alikufa Novemba. Timu imekuja Februari.
Mkwewe amekopa benki kununua tiketi za msimu,
viti vitatu, na kimoja ni cha koti la marehemu.

Alhamisi usiku, jezi namba kumi na tisa,
wembe unakataa.
Marusia anageuza kitambaa, anavaa miwani ya pili.
Fundo.
Dogo, la mkono, limevutwa kuelekea kulia,
upande ambao yeye hawezi kuvuta.
Fundi wa Halvern ana mashoto.
Na katika fundo, umenaswa unywele mmoja mweupe.

Anakaa.
Mashine inanguruma bila kitambaa.
Anamwona: taa ya mezani, pini midomoni,
mjukuu anayeuliza kama wachezaji wataivaa hiyo hiyo,
redio ambayo siku moja ilisema *samahani*,
ikasema mara moja tu.

Mtangazaji wa mpira husema
mchezaji amefumua kombora, wavu umetikisika.
Marusia naye amefumua siku tatu mfululizo,
na kila akiinua jezi kwenye taa
mwanga unapita katika matundu ya sindano
ukiliandika upya lile jina,
nukta kwa nukta, bila uzi.

Juu ya matundu anashona K. Anashona O.
Namba kumi na tisa anaiacha mwisho.
Fundo halikati.
Kando yake anafunga lake, la mkono wa kulia,
na kwa kuwa nywele zake mwenyewe hupakwa rangi
anautafuta unywele wenye shina jeupe,
anaung'oa, anaufungia humo,
ili atakayetufumua sisi
asidhani cherehani ndiyo iliyotupenda.

Jumamosi, ukumbi umejaa hadi ngazini.
Taa zimezimwa, zimewashwa.
Kijana wa namba kumi na tisa, Lindqvist fulani,
miguu mirefu, bado hajui njia ya kwenda mtoni,
amepokea, amegeuka,
amefumua.

Wa kwanza kusimama alikuwa yeye,
koti la Bohdan limemwangukia miguuni,
uzi mwekundu ukining'inia kwenye mkono wa sweta,
na sauti aliyoitoa
hata mkwewe aligeuka kuona ni nani.