Faili la Goti

Sekunde nane ni fremu mia mbili.
Hizo ndizo benki ilizonilipia: mwanamke mtu mzima
atoke mlangoni, avuke ua wa saruji,
ammiminie mgeni kahawa, basi.
Nikaanza na mchemraba. Humo kila kitu huanza na mchemraba:
unauvuta, unaukata, unazikunja kingo,
mpaka unapata bega.

Nilimpa mifupa kabla ya ngozi,
mia moja na kumi na miwili, kila mmoja na jina lake,
hata vidole vya miguu vyote kumi
ingawa ndani ya viatu hakuna atakayevihesabu.
Nikamvika. Kitambaa kikaanguka vizuri.
Nikaweka jua moja, la saa kumi alasiri,
na hina niliyoipiga picha Barka, harusini kwa Ghaniya.
Kisha nikabonyeza, atembee.

Akaelea.
Miguu inagusa chini na chini haina habari.
Pradeep, meza ya pili, hakugeuza hata shingo.
"Huyo hana uzito,"
akasema kwa Kiarabu chake cha Ruwi,
akarudi kwenye chai yake ya maziwa.

Siku nne nikivuta na kulegeza,
huko nje lami inalainika,
humu ndani mashine inavuma kama tanuri la mikate.
Uzito hauna kitufe.
Nimeutafuta kwenye menyu zote.

Ijumaa, Mabela. Mama akainuka kwenda kuzima jiko.
Goti la kushoto: bovu tangu sijazaliwa,
tangu zile ngazi za nyumba ya Ng'ambo
ambazo kila mwaka katika hadithi zinaongezeka moja.
Mguu unafika, unangoja kidogo
kama mtu apigaye hodi,
ndipo mwili unakubali kuingia.
Nikamrekodi kwa simu, kwa nyuma, bila yeye kujua.
Hodi ile ni fremu tatu. Nilihesabu.

Usiku huo mwanamke wangu akatua.
Kanzu ikawa inachelewa nyuma yake.
Dele likawa na kahawa ndani.

"Wewe na masanamu yako," Mama, begani kwangu,
sahani ya vitumbua mkononi.
"Siku hiyo utaambiwa: haya, yatie roho."
"Ndiyo najaribu, Mama."
Akatazama. Akatafuna. Akatazama.
"Na huyu nani? Maskini, goti linamuuma."
Sikumwambia.
Mtu na kisogo chake hawajawahi kukutana.

Benki ikajibu kwa mstari mmoja:
apendeze, asichechemee,
mteja asije akawaza hospitali.
Nikafuta fremu tatu. Haikufika dakika.
Sasa yuko Ghubra, kwenye skrini kubwa ya njia panda,
anaelea na kahawa yake
juu ya madereva wanaongoja taa ya kijani.

Mwezi wa kumi Mama akabadilishwa goti.
Daktari alituonyesha kwanza, kwenye kompyuta, pande tatu,
akaligeuza kwa kidole tulione kwa chini,
chuma kinang'aa kuliko haki yake.
Taa umezidisha, nilitaka kumwambia.
Mama akauliza: je, linapatikana la kulia pia?

Leo anatembea sawasawa. Sokoni Seeb anatuchosha,
anafika kwa muuza samaki sisi bado tunafunga gari.
Akipita nyuma ya kiti changu
siwezi tena kujua kwa kusikia tu
kama ni yeye au ni mdogo wangu Azza.
Nashukuru. Nashukuru kweli.

Lakini sijalifuta: mama_goti_07.
Juzi nililifungua.
Nikaficha ngozi, kanzu, ua, dele, nikazima jua,
ikabaki mifupa peke yake, ya kijani, juu ya kijivu kisicho na sakafu.

Unafika.
Unangoja.
Unaingia.