Mshale wa Emrys

Miaka thelathini mshale ulitapatapa
kati ya arobaini na sitini,
kama mtu aliyeulizwa umri wake.
Emrys akipiga kelele: "Tunapaa, Nesta!"
na upepo wa Llanelli ukinipokonya kitambaa.

Leo fundi kaichomoa spidomita ya kiwandani,
kebo imekatika, grisi nyeusi kama wanja.
Kapachika mpya.
Hii haina kebo, inauliza setilaiti.

Nimeshuka mteremko ule ule, gia ya tatu,
injini ikinguruma vile vile alivyoipenda.

Thelathini na nane.

Kumbe ndiyo kasi tuliyopaa nayo.

Ile kuukuu nimeitia ndani ya soksi yake,
maili elfu sitini na ushei.
Fundi anasema inatengenezeka.
Nimemwambia aiache
iendelee kusema uongo.